Kuishi Bila Riba Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya Mwislamu anayepokea mshahara benki, anayetumia pesa za simu, aliye ndani ya kikoba, na ambaye hata hivyo hataki riba iingie nyumbani kwake. Majibu yanafuata rai ya wanazuoni walio wengi wa zama hizi, wanapohitilafiana tumesema. Jambo lako mahususi mpelekee sheikh unayemwamini, nawe uwe umeshika mkataba mkononi. Sheikh asiyeonyeshwa mkataba atakujibu kwa kufuata jina la mkopo tu, na majina siku hizi ni mazuri yote.

Riba hasa ni ipi? Asilimia ndogo nayo imo?

Riba ya madeni ni nyongeza yoyote iliyowekwa sharti juu ya mkopo. Ukikopeshwa 100,000 kwa sharti la kurudisha 101,000, hukumu yake ni ile ile ya anayerudisha 130,000. Kuna wakati watu walijenga hoja kwamba Qurani imekataza riba ya "maradufu" tu (3:130), lakini aya za Suratul Baqara (2:278-279) zinaamuru kuacha kilichobaki katika riba na kuchukua rasilimali peke yake. Mwaka 1985 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, iliamua kwamba riba ya benki ni riba ile ile iliyoharamishwa.

Aina ya pili ni riba ya kubadilishana kitu kwa kitu cha aina yake bila usawa, au kwa kuchelewesha. Hadithi ya Ubada bin Samit imetaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Hii tutaikuta kwa sonara.

Mbona kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kunaruhusiwa? Si yale yale?

Pingamizi hili ni la zamani kiasi kwamba Qurani yenyewe imelinukuu na kulijibu (2:275). Tofauti ni kwamba muuzaji ana mali, anabeba hatari ya mali hiyo mpaka aiuze, na bei ikishafungwa haiongezeki tena. Mkopeshaji wa riba hana mali anayouza. Anauza muda.

Chukua simu ya kulipia kidogo kidogo. Taslimu ni 400,000. Kwa miezi 12 jumla ni 600,000. Inafaa kwa masharti matatu. Kwanza, mchague bei moja kabla hamjaachana, siyo "chukua, tutaona utalipa lini". Pili, anayekuuzia awe anaimiliki simu. Tatu, ukichelewa, deni libaki 600,000. Panapoharibika mara nyingi ni kwenye sharti la pili: duka linalipwa taslimu na kampuni nyingine ambayo haikununua simu, imekulipia tu, na wewe unairudishia kampuni hiyo zaidi. Huo ni mkopo wenye nyongeza, hata kama ulitoka dukani na boksi mkononi. Omba kuona jina la muuzaji kwenye mkataba.

Simu kufungwa usipolipa ni njia ya kudai deni. Haiifanyi biashara kuwa riba.

Murabaha ya benki inakwendaje, hatua kwa hatua?

Murabaha ni benki kununua kitu unachokitaka, kisha kukuuzia kwa bei ya juu mnayoijua wote. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu murabaha halali na murabaha ya karatasi zinafanana mwisho wake: wote mnatoka na gari na deni. Kinachozitenganisha ni mpangilio wa hatua na tarehe zilizoandikwa.

Tuseme gari linauzwa 20,000,000. Unaipelekea benki ankara ya makadirio kutoka kwa muuzaji. Unatia saini ahadi ya kununua. Ahadi, siyo mkataba wa mauzo. Benki inaweza kukutaka uweke amana ya kuonyesha nia ya kweli. Kisha benki inanunua gari kwa muuzaji, inalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji, na gari linaingia mikononi mwake, lenyewe au kwa hati. Hapo tu ndipo benki inakuuzia: "Tumelinunua kwa 20,000,000, tunakuuzia kwa 24,000,000." Ukilipa 4,800,000 mwanzo, zinabaki 19,200,000, yaani 800,000 kwa miezi 24. Hesabu hiyo haibadiliki, riba za soko zipande au zishuke.

Mambo yanayoiharibu:

- Mkataba wa mauzo kutiwa saini siku moja na ombi, benki haijanunua chochote. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kisichokuwa naye.
- Pesa kuingia kwenye akaunti yako "ukanunue mwenyewe". Benki inaweza kukufanya wakala wake pale penye haja, lakini basi ununue kwa jina la benki, uwajulishe mali imepatikana, ndipo wakuuzie. Ukiruka hatua ya kati, umekopa pesa taslimu.
- Mali uliyokwishainunua. Mtu ana pikipiki yake tayari, anapeleka risiti ya rafiki mwenye duka, benki "inanunua", rafiki anampa pesa. Wanaofanya hivi kwa kawaida huwa wameshaidanganya benki, na bodi ya sharia, yaani wanazuoni wanaosimamia mikataba ya benki, haina habari.
- Hasara kurushiwa mteja kabla ya mauzo. Gari likiungua bandarini kabla hujauziwa, ni la benki. Kifungu kinachosema vinginevyo kinaondoa roho ya biashara yote.
- Faini ya kuchelewa kuwa mapato ya benki. Benki makini huitenga na kuitoa sadaka.

Ukilipa mapema, benki inaweza kukupunguzia kwa hiari yake. Kulifanya punguzo hilo sharti ndani ya mkataba, walio wengi wamelikataza.

Na nyumba?

Zinatumika zaidi njia mbili. Ijara inayoishia na umiliki: benki inamiliki, unapanga, mwisho inakuhamishia nyumba. Angalia matengenezo makubwa, kama paa na ukuta, ni ya nani. Mwenye nyumba ndiye anayewajibika. Nyumba ikiporomoka bila uzembe wako, kodi inakoma.

Ya pili ni ushirika unaopungua. Nyumba ya 100,000,000 inagawanywa hisa 100; unaingia na 20, benki 80. Kila mwezi unalipa kodi kwa sehemu ya benki na unanunua hisa kidogo, hivyo kodi inashuka kadiri hisa zako zinavyopanda. Thamani ikianguka, mnaanguka wote kwa uwiano wa hisa. Mkataba unaoihakikishia benki isipate hasara kabisa umerudi kuwa mkopo.

Nahitaji pesa taslimu, siyo bidhaa. Benki ya Kiislamu imeniambia kuhusu tawarruq.

Benki inakuuzia bidhaa, mara nyingi madini au mafuta ya kula kwenye soko la kimataifa, kwa mkopo. Kisha inaiuza kwa niaba yako kwa taslimu, na pesa zinaingia kwenye akaunti yako ndani ya saa moja. Hapa wanazuoni wamegawanyika kweli. Majmaa ya Fiqhi, katika kikao cha Sharjah mwaka 2009, iliikataza tawarruq inayopangwa na benki. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotunga viwango vya fedha za Kiislamu, inaikubali kwa masharti makali. Ushauri wetu: tafuta kwanza ni kitu gani unachotaka kununua kwa hizo pesa. Ada ya shule, mabati, vifaa vya hospitali, bidhaa za duka, vingi vyake vinauzika kwa murabaha au ijara ya huduma. Tawarruq iwe mlango wa mwisho.

Benki zipi, na nitazipima vipi?

Kenya kuna Gulf African Bank, DIB Bank Kenya, na Premier Bank Kenya, ambayo mpaka 2023 ilikuwa First Community Bank. Tanzania, Amana Bank imekuwapo tangu 2011. Uganda ilibadili sheria ya benki mwaka 2016, na Salaam Bank ikawa ya kwanza kupewa leseni, mwaka 2023. Pia kuna madirisha, yaani vitengo vya Kiislamu ndani ya benki za kawaida: PBZ Ikhlas, CRDB Al Barakah, KCB Sahl, Absa La Riba.

Dirisha si tatizo kwa kuwa ni dirisha. Uliza majina ya wajumbe wa bodi ya sharia, uliza kama pesa za dirisha zina vitabu vyake mbali na benki mama, omba nakala tupu ya mkataba ukaisome nyumbani, na uliza faini za kuchelewa zinakwenda wapi. Ofisa anayejibu "ni sawa tu na mkopo wa kawaida, tumebadili jina" amekurahisishia kazi: omba kuonana na mwingine, au ondoka.

M-Shwari, Fuliza, Songesha: hizo si ada tu?

Hii ni mikopo ya simu. Ada inayolipia huduma haifuati ukubwa wa mkopo wala haizaliani siku zinavyokwenda. M-Shwari ilianza mwaka 2012 kwa "ada" ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ukishindwa kulipa inatozwa tena. Fuliza ina ada ya kila siku mpaka deni liishe. Hiyo ni nyongeza juu ya mkopo, iitwe itakavyoitwa.

Hatari kubwa ya huduma hizi ni wepesi wake. Ukiwa umeshajiunga, unaweza kukopa kwa kulipia sukari dukani bila kufikiri. Lipa deni lote kwanza, kisha jitoe. Kwa Fuliza ni kupitia *234#. Baada ya hapo acha akiba kidogo ya kukidhi makato, maana wengi hurudi kwa ajili ya shilingi mia mbili zilizopungua.

Nimepewa "gawio" kwenye pesa za simu Tanzania. Ni langu?

Pesa zilizomo kwenye simu za wateja zinahifadhiwa na kampuni kwenye akaunti za dhamana benki, na benki inalipa riba. Tigo Pesa, ambayo sasa ni Mixx by Yas, ilianza kuwagawia wateja mwaka 2014. Chanzo kikiwa riba, jina la gawio haliisafishi.

Usiiache kwenye simu ukaisahau. Andika kiasi, itoe, umpe maskini au uitie kwenye jambo la manufaa ya watu wote, kama choo cha shule au kisima. Usiinuie kuwa sadaka yako. Unajiondolea kisicho chako. Usilipie zaka, kodi, bili, wala futari ya wageni wako. Riba inayowekwa kwenye akaunti ya akiba inafanyiwa hivyo hivyo, ila dawa bora ni kuhamia akaunti ya hundi isiyolipa riba, na hata akaunti ya mshahara inaweza kuwa hivyo ukiomba.

Mkopo wa elimu ya juu?

Tanzania, HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka ya "kulinda thamani". Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta Mei Mosi ya 2021, na tangu hapo hukumu ya mkopo huo imebadilika sana. Ukishaajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hilo ni deni linalorudishwa. Soma fomu ya mwaka wako kuona ada za uendeshaji, na uliza kama zinalingana na gharama halisi.

Kenya, HELB, bodi ya huko, inatoza asilimia 4 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza, na anayeacha kulipa ana faini ya Sh5,000 kwa mwezi. Hiyo ni riba. Kabla ya kuiendea, maliza mifuko ya basari ya eneo bunge na ya kaunti, mifuko ya zaka ya misikiti, na mazungumzo na chuo kuhusu kulipa kwa awamu. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa dharura, na dharura hapo maana yake milango hiyo umeigonga kweli.

Kikoba chetu kinakopeshana kwa asilimia 10. Nitoke?

Upatu wa kawaida, ambapo kila mmoja anachanga kiasi sawa na kupokea kwa zamu, hauna tatizo. Kikoba kinachokopesha kwa riba na kugawana mwisho wa mwaka kina tatizo pande zote mbili: unailipa na unaila. Lakini kabla ya kutoka, jaribu kukigeuza. Wanawake wengi wamo humo kwa sababu ndiyo benki pekee inayowajua.

Gawanyeni mfuko mara tatu. Mfuko wa karadha ni wa mikopo midogo ya shida, unarudishwa kama ulivyo. Mnaweza kutoza gharama halisi: kama daftari, nauli ya mweka hazina na makato ya benki ni 60,000 kwa mwaka, na mnatoa mikopo 40, kila mkopo unalipa 1,500, uwe wa 50,000 au wa 500,000. Mkishaandika asilimia, mmerudi mlikotoka.

Mfuko wa biashara ndio unaoleta faida. Mwanachama anataka cherehani ya 450,000: mweka hazina anakwenda dukani, analipa, anaipokea, kisha kikundi kinamuuzia kwa 520,000, awamu nane za 65,000. Au kikundi kinanunua mchele na mafuta kwa jumla kabla ya Ramadhani na kuuza. Au kinampa mwanachama mtaji kwa mudharaba, yaani kikundi kinatoa pesa naye anatoa kazi, faida igawanywe 60 kwa 40. Hapo kikundi kikubali kwamba biashara ikifa bila uzembe wake, mtaji umekufa nao. Vikundi vingi hushindwa hapa hapa: vinataka faida ya mshirika na usalama wa mkopeshaji. Anzeni na cherehani. Mudharaba inahitaji vitabu vya hesabu, na watu wachache huviandika.

Mfuko wa tatu, wa jamii, ni wa misiba na wagonjwa, hutolewa bila kurudishwa. Faini ya kuchelewa kulipa deni ipelekwe huku au kwa maskini, isiingie kwenye faida. Faini ya kuchelewa mkutano ni habari nyingine, kwa kuwa haitokani na deni.

Naweza kubadilisha dhahabu ya zamani kwa mpya, nikaongeza pesa?

Hapana, na ni kosa linalofanyika kila siku kwa masonara. Gramu 20 za zamani kwa gramu 15 mpya ni dhahabu kwa dhahabu bila usawa, hata kama nakshi ni nzuri zaidi. Bilal alipobadilisha pishi mbili za tende mbovu kwa pishi moja ya barni, tende nzuri, Mtume (s.a.w.) alimwambia hiyo ndiyo riba yenyewe, auze mbovu kwanza, kisha anunue nzuri.

Basi pima ya zamani, iuze, pokea pesa zote mkononi, na uwe huru kwenda duka la pili. Kisha nunua mpya kwa taslimu, ufundi ukiwa ndani ya bei. Usilipe nusu leo na nusu mwisho wa mwezi: wanazuoni walio wengi wa leo wanaihesabu pesa ya karatasi kama dhahabu na fedha katika hukumu hii. Pete za harusi zinazoagizwa kwa arbuni huangukia hapo. Mwombe sonara akuahidi kukutengenezea, nawe ulipe zikiwa tayari.

Natuma riyali kutoka Muscat. Na deni la shilingi lililoshuka thamani?

Kubadilisha fedha kuwe hapo kwa hapo, pande zote mbili. Kuingia kwenye akaunti au kwenye simu kunahesabiwa kupokea. Kisichofaa ni "nipe riyali leo, shilingi nitakupa mwisho wa mwezi kwa bei ya leo".

Deni linarudi kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Majmaa iliamua hivyo mwaka 1988. Ulimkopesha binamu 1,000,000, anarudisha 1,000,000. Ukihofia kushuka, kopesha dola na udai dola. Siku ya kulipa mnaweza kukubaliana alipe shilingi kwa bei ya siku hiyo, kama Ibn Umar alivyofanya kwa dinari na dirhamu. Msikubaliane hivyo siku ya kukopa.

Nina mkopo wa riba tayari na nimetubu. Nifanyeje?

Usiache kulipa, mkataba unakubana kisheria na dhamana itauzwa, labda na mdhamini wako. Omba taarifa ya mkopo inayotenganisha mtaji na riba, na kiasi cha kumaliza leo pamoja na tozo ya kulipa mapema. Linganisha. Mara nyingi kumaliza mapema kunafuta riba nyingi, hasa mwanzoni mwa mkopo, kwa kuwa benki hukata riba kwanza. Kataa "nyongeza ya mkopo" kila wakipiga simu. Kenya, mkopo wa benki ukishaharibika, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba mpya kupita mtaji uliokuwa unadaiwa siku ulipoharibika. Wadaiwa wengi hawalijui hilo.

Kuuhamishia mkopo benki ya Kiislamu kunawezekana, lakini uliza utahama kwa njia gani. Kama ni tawarruq, rudi kwenye jibu la juu.

Nyumba au gari ulilonunua kwa mkopo huo ni lako. Toba ni kwa kitendo cha kukopa, hakuna sharti la kuuza.

Bima na pensheni?

Bima ya gari ya mtu wa tatu inalazimishwa na sheria, huna dhambi. Penye takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kuchangiana, ichague: Kenya ipo Takaful Insurance of Africa tangu 2011, Zanzibar ipo ZIC Takaful. Makato ya lazima ya NSSF si chaguo lako pia; ya hiari ndiyo ya kuchunguza. Hati fungani za serikali zinazolipa riba hazifai. Sukuk, hati za uwekezaji zinazosimama juu ya mali, ni tofauti, kama Fursa Sukuk ya KCB Tanzania (2022) na Linzi Sukuk ya Kenya (2023), ila soma mali iliyo nyuma yake ni ipi.

Nafanya kazi benki ya kawaida.

Hadithi ya Jabir imewalaani mwenye kula riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake. Ofisa mikopo yumo ndani yake waziwazi. Kwa mlinzi na fundi wa kompyuta wanazuoni wamehitilafiana. Mwenye familia haambiwi aondoke kesho bila riziki. Anaambiwa aanze kutafuta leo, na kuomba kuhamishiwa dirisha la Kiislamu kama lipo ni mwanzo mzuri.

Ndugu wanasema najitia uchamungu, halafu shida ikija nakuja kukopa kwao.

Wana haki ya kulalamika kama hurudishi. Asiyekopa benki anategemea watu, na watu wamechoka na wadaiwa wanaopotea. Ukikopa kwa ndugu, andikeni, kama ilivyoamriwa katika 2:282: majina, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipa, mashahidi wawili, saini, nakala mbili. Ukiona tarehe haitafikika, mpigie wiki moja kabla, usingoje akupigie. Mkopeshaji akiona kweli umekwama, amehimizwa kukupa muda (2:280). Akikusamehe sehemu, ifuteni kwenye nakala zote mbili ili warithi wasije kuidai.